Walinisoma Shingoni

Shuleni kwetu pamba iligawiwa Jumapili, nguo zikishaanikwa. Metroni aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, bunda la pamba juu ya mapaja, na msichana aliyeingia mwezini alipita mbele yake akakatiwa kipande, akakificha ndani ya sweta, akaondoka haraka. Metroni hakuandika jina la mtu. Alitujua kwa nyuso, bweni zima, na yule ambaye uso wake haukufika mlangoni kwa muda mrefu alimfuata mwenyewe hadi kitandani.

Mimi alinifuata Oktoba, nikiwa kidato cha tatu.

Naandika haya katika likizo ya Aprili, nina miaka kumi na saba, na mkono wangu umetulia kiasi cha kuandika mstari ulionyooka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigusii, lugha ya nyumbani, maneno ya mambo haya yananikwama kooni. Nyumbani huambiwa mtu kwa kuzungushwa, aliyekuambia akiwa ameangalia pembeni. Kiswahili nilifundishwa na walimu, na maneno yake naweza kuyatazama bila kuona uso wa mama yangu. Kama wewe ni msichana na siku zako zimepotea, na unaogopa hata kuuliza, soma. Siwezi kukuahidi kwamba shida yako ni kama yangu. Naweza tu kukuambia yaliyonipata.

Yote yalianza na njaa. Zamani nilikuwa msichana wa kumaliza nusu ya sahani na kumwachia mwenzangu. Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilikuwa nakula ugali wangu, nakula wa Kerubo rafiki yangu, kisha nakwangua sufuria, na bado nikilala tumbo linadai. Na badala ya kunenepa, nilikonda. Sketi ya shule niliishika kwa pini, kisha kwa pini mbili.

“Moraa, huko tumboni mwako kuna mtaro?” waliniuliza mezani.

“Mwacheni,” akasema mwingine, “si anakula kwa ajili ya wawili.”

Meza nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Sikujua kufanya jambo lingine.

Moyo nao ulikimbia hata nikiwa nimekaa kitako darasani, kama mtu aliyepanda kilima cha Manga na mtungi kichwani. Asubuhi za huko zina ukungu na baridi ya kung’ata. Wenzangu walivaa soksi mbili mbili, na mimi jasho linanitiririka mgongoni. Nywele zilibaki kwenye kitana. Vidole vilitetemeka mpaka kikombe cha uji kikagonga meno. Nililia kwa vitu vya bure, kifutio kilichopotea, au Kerubo kunisahau kwenye foleni ya maji. Daftari langu la kila siku niliacha kuliandika, maana wino ulikuwa unaruka. Na siku zangu, ambazo tangu zianze hazikuwahi kuwa na mpango, zilikuja Julai kama kidoa tu, kisha hazikuja tena.

Sasa ni lazima niseme kuhusu makambi.

Sisi ni Wasabato. Kila Agosti makanisa hukusanyika kwa makambi, watu hulala kwenye vibanda, na kwaya huimba wiki nzima. Siku ya kufunga makambi tulirudi kwa miguu pamoja na kwaya ya upande wa Itumbe. Mvua ilikuwa imenyesha, kijito kimejaa, na ubao wa kuvukia unateleza. Mvulana mmoja mwimbaji wa besi alisimama katikati ya ubao akawa anawashika wasichana mkono, mmoja mmoja, akiwavusha. Alinishika na mimi. Mkono wake ulikuwa na joto. Akasema, “Usitazame maji, nitazame mimi.” Nikamtazama. Ni hayo tu.

Lakini mama, siku niliyoingia mwezini mara ya kwanza, alikuwa amenipeleka nyuma ya jikoni, akanipa vitambaa, akasema maneno haya bila kuongeza: “Sasa wewe ni mtu mzima. Mvulana akikugusa, utapata mimba.” Shuleni tulifundishwa ua na chavua yake, tukafundishwa sungura, na mwalimu alipofika kwa binadamu akasema hapo tutajisomea wenyewe. Kurasa zile zilikuwa zimechanwa na waliotutangulia.

Kwa hiyo nilijumlisha. Nimeguswa Agosti, siku zimepotea, nina njaa ya watu wawili. Unaweza kucheka. Katika darasa letu mimi ndiye niliyekuwa mbele kwa hesabu.

Basi Jumapili ile ya Oktoba metroni alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetapika maharagwe, na habari ilikuwa imemfikia.

“Inua kidevu,” akasema.

Nilijua anatafuta nini. Kwetu wanawake hawaangalii tumbo, tumbo huchelewa kusema. Wanaangalia shingo. Pale chini, karibu na kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua, mshipa wa msichana mwenye mimba hupiga mpaka aliye mbele yake auone. Hakuna mama wa huku asiyejua kuangalia hapo. Ndiyo maana msichana akijifunga kitambaa shingoni wakati wa jua, watu huanza kunong’ona.

Metroni aliangalia upande mmoja, akaniambia nigeuke, akaangalia mwingine.

“Moraa,” akasema taratibu, “huyu anapiga kama ngoma.”

“Nani, Metroni?”

“Wewe ndiye utakayetuambia ni nani.”

Mwalimu mkuu hakunifokea. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na sauti ile ya chini ndiyo inayotutisha. Alisema, “Utaenda nyumbani na Mama atakupeleka hospitali. Ukirudi na neno la daktari kwamba huna kitu, kiti chako kipo. Ukiwa na kitu, Moraa, usijichoshe kupanda tena mlima huu wa shule.” Wasichana watatu walikuwa wameondoka hivyo mwaka ule, na hakuna aliyerudi. Mmoja nilimwona baadaye sokoni Kebirigo akiuza mboga, mtoto mgongoni. Aliangalia sweta yangu ya shule, kisha akajifanya anapanga mafungu.

Nyumbani kwetu ni juu ya Kebirigo, kwenye mteremko wa chai na migomba. Mama alikuwa kwenye chai. Aliponiona na sanduku langu katikati ya muhula alitua kikapu, akaja, akanitazama shingoni. Alianzia hapo kabla hajanitazama usoni.

Asubuhi iliyofuata Nyanya, mama yake baba, aliagiza niletwe mlangoni kwake kwenye mwanga. Alinikalisha kwenye jiwe, akashika kidevu changu kwa vidole vyake vikavu, akanigeuza kwenye jua.

“Ipo,” akasema. Akajifuta vidole kwenye kitenge.

Huo ulikuwa ushahidi wa pili. Tangu hapo nikawa mtu aliyekwisha kuamuliwa. Baba hakunipiga. Alihamisha kiti chake tu, akawa anakula akiwa ameuelekea mlango. Wadogo zangu waliambiwa wasilale nami kitanda kimoja, bila kuambiwa sababu. Mama alingoja mpaka tulipokuwa tunamenya ndizi, ndipo akaniuliza.

“Nitajie jina tu. Leo sitamwambia mtu.”

“Sijui, Mama.”

“Hujui jina, au hujui ni yupi?”

Kisu kilinitoka mkononi. Jina la yule mvulana nilikuwa nalijua, Kerubo alikuwa ameniambia njiani siku ile ile. Nilijua pia kwamba nikilitaja, baba na ndugu zake wangekwenda Itumbe, mazungumzo ya ng’ombe wa mahari yangeanza, na kabla ya wimbi kuvunwa ningekuwa mke wa mtu ambaye tulizungumza maneno manne. Na zaidi, sikuona kosa lake. Alikuwa anavusha watu.

“Mama, sijafanya kitu,” nikasema.

“Shingo haisemi hivyo.”

Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu yote. Shule niliitaka, Mungu anajua. Lakini kumsikia mama yangu akiiamini shingo yangu na kuniona mimi ni mwongo, hilo lilinikosesha usingizi ambao tayari ulikuwa haba.

Kwanza tulienda zahanati, nikapewa vidonge vya malaria, vichungu, vikanitapisha zaidi. Mama akahesabu kutapika huko upande wake. Wiki iliyofuata, kwenye mvua za Oktoba, tulikwenda hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Kisii.

Mama alikuwa na mteja wake mjini, Mama Zuhura, Mwislamu mwenye duka la nafaka ambaye alinunua ndizi zetu miaka mingi. Tulilala kwake. Mama Zuhura alizaliwa pwani na Kiswahili chake kilitiririka. Cha mama kilitembea kwa fimbo.

“Mwenzangu, mtoto anaumwa nini?” akauliza.

“Anaumwa shule,” mama akasema.

Mama Zuhura alinitazama nikila. Nilikula wali wake sahani tatu kwa aibu kubwa, na kila nilipoweka kijiko chini aliniongezea akizungumza mambo mengine, habari za mvua na panya wa duka, kana kwamba mkono wake ulikuwa unajiongezea wenyewe. Hakuuliza tena. Akanitandikia mkeka karibu na dirisha kwa kuwa aliona nalowa jasho. Nikikumbuka miezi ile, huyo ni miongoni mwa watu walionishikilia nisianguke.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu la wanawake. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya wazazi ukiwa na sketi ya shule, sina namna ya kukueleza. Wanawake wenye matumbo walisogea kunipa nafasi kwa huruma, na huruma yao ilinimaliza. Kila jina lilipoitwa, benchi zima lilisogea hatua moja upande wa mlango, na mimi moyo ukadunda mpaka nikaona ukosi wa blauzi unatikisika. Nikaushika kwa mkono. Mama akauondoa mkono wangu.

“Acha. Wamekwisha kuona.”

Mama mmoja aliyekuwa anasuka kikapu akaniuliza, “Ni wa kwanza?” Nikatikisa kichwa, kumaanisha hapana, hakuna. Akasema, “Aa, wa pili,” akaendelea kusuka.

Muuguzi aliyetuita alikuwa mnene, na saa imening’inia kifuani. Aliuliza jina, umri, shule, kisha akaweka kalamu chini.

“Siku zako ziliacha lini?”

“Baada ya Julai.”

“Umewahi kulala na mwanamume?”

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama ukuta, palipobandikwa picha ya mtoto mnene ananyonya.

“Mama anaweza kutungoja nje,” muuguzi akasema.

“Sitoki,” mama akasema.

Nikasema kwa sauti ambayo muuguzi alilazimika kuinama ili aisikie, “Alinishika mkono.”

“Halafu?”

“Halafu nikavuka.”

“Ukavuka nini?”

“Kijito.”

“Halafu ng’ambo kulitokea nini?”

“Tuliimba. Tukaenda nyumbani.”

“Mkono tu?” Huyo alikuwa mama. Alikuwa ameacha ukuta.

“Mkono tu, Mama. Makambi. Wote walishikwa.”

Muuguzi alimgeukia mama, bila hasira. “Mama, huyu mtoto ulimwambia nini kuhusu mambo haya?”

“Nilimwambia nilivyoambiwa na mama yangu. Kwamba akiguswa atashika mimba.”

“Na wewe una watoto wangapi?”

“Tisa.”

“Basi unajua haipatikani mkononi.”

Mama alifunika mdomo kwa leso. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia, na sijathubutu kumuuliza.

Muuguzi akavuta kiti chake karibu nami. Nitayaandika aliyoyasema kwa maneno yangu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenipa hata nusu yake.

Alisema mimba haipatikani kwa mkono, wala kwa kuazima sweta, wala kwa kukalia kiti chenye joto. Hupatikana mwanamume na mwanamke wanapolala pamoja. Alisema ndani ya mwanamke, kila mwezi, mji wa mimba hujitandika kama mtu anayetarajia mgeni. Mgeni asipofika, matandiko hutolewa nje, na hiyo ndiyo damu. Si uchafu wala si ugonjwa. Yai hutoka mara moja kati ya damu na damu, likakaa kama siku moja, likaisha. Lakini mbegu ya mwanamume inaweza kungoja mle ndani siku kadhaa, hata tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni zile chache kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe.

“Watu husema ni katikati ya mwezi,” akasema. “Katikati ya mwezi wa nani? Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu inayofuata. Inayofuata, si iliyopita. Na hiyo inayofuata hakuna aliyeiona bado. Mwanamke ambaye siku zake zinafika kwa mpango anaweza kukisia. Msichana ambaye zake ziko huku na huku, kama wewe, hana cha kukisia. Na tena njaa, hofu, safari, ugonjwa, vyote vinaweza kuzisogeza au kuzifunga kabisa.”

Nilisikia kila neno. Niliona nimetuliwa mzigo, halafu nikaogopa upya. Kama sina mimba, basi ni nini kinachonila?

Mama alikuwa amerudi kwenye picha ya mtoto mnene. Nilidhani hasikilizi.

Walichukua mkojo wangu kwenye chupa ndogo wakasema turudi kesho mchana. Tulirudi asubuhi. Mama hakuweza kukaa kwa Mama Zuhura, alikuwa amefagia ua mara mbili. Tulikaa kwenye benchi lile lile mpaka kivuli cha mti wa nje kikazunguka upande wa pili. Muuguzi akaja akatuambia akiwa wima, pale pale, mbele ya wanawake wote: “Hakuna mimba.”

Nilingoja mama aseme ahsante, au anishike. Hakufanya hivyo. Alisimama, akaniinua kidevu mbele ya benchi zima, akauliza:

“Na hii shingo inayopiga, ni ya nini?”

Muuguzi akainama kutazama. Akaweka vidole, akaangalia saa yake ya kifuani, akaangalia macho yangu, akaniambia ninyooshe mikono mbele. Mikono ikatetemeka kama majani. Akatupeleka moja kwa moja kwa daktari bila foleni, na wanawake wa benchi hawakunung’unika.

Kwa hiyo sisemi kwamba mama na Nyanya na metroni hawakuona kitu. Walikiona kabla ya mtu yeyote. Jina lake tu ndilo walilokosea.

Daktari alikuwa kijana mgeni, Kiswahili chake kifupi. Alisimama nyuma yangu akaweka mikono kooni mwangu, akasema, “Meza mate. Tena. Tena.” Mate yakaisha, nikaletewa maji. Akamwambia mama kwamba nina aina ya rovu, uvimbe wa koo, ila si lile kubwa la kuning’inia tunaloliona kwa wazee wa vilimani. Langu lilikuwa dogo na kali. Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, akasema, kama injini ya lori iliyoachwa inanguruma mchana na usiku. Ndiyo sababu ya moyo kukimbia, jasho, njaa, kukonda, na siku kufungika. Nitameza vidonge miezi mingi. Nikipata homa au koo likiuma nirudi siku hiyo hiyo, nisingoje. Visiposaidia, itabidi kupasuliwa hospitali kubwa zaidi.

“Atazaa?” mama akauliza.

“Akipona, siku zake zitarudi. Kwa nini asizae?”

“Na shule?”

“Apumzike mpaka Januari. Kisha shule.”

Njiani kurudi mama alibeba mfuko wa nguo na kikapu, vyote viwili, akanikataza kushika chochote. Tulipofika mahali mwinuko unapoanza akasema, “Pumzika,” ingawa sikuwa nimeomba. Baba alipoambiwa aligeuza kiti chake kikatazama ndani ya nyumba. Nyanya alisema tu kwamba hata yeye aliona mpigo ule una haraka isiyo ya kawaida.

Kikopo cha kwanza cha vidonge nilikimaliza wakati wa kuvuna wimbi. Sikuona tofauti, nikalia, nikadhani ndiyo basi. Ukiwa unatibiwa kitu kama hiki, ujue hivyo. Mwili hauamki siku moja. Kikopo cha pili kiliisha karibu na Krismasi, na asubuhi moja nilihisi baridi. Nilitetemeka kwa baridi ya kweli, nikaomba sweta, na mama akanitazama kana kwamba nimesema jambo la ajabu. Ndugu yangu mdogo alirudishwa kitandani kwangu siku hiyo, miguu yake kama barafu, nikaifurahia. Kikopo cha tatu kilikuwa cha Januari, jua kali na vumbi jekundu, na kwa kikopo hicho nilipanda mlima wa shule bila kusimama zaidi ya mara mbili.

Mwalimu mkuu alisikia neno la daktari kutoka kwa mama mwenyewe, ana kwa ana. Akasema, “Kiti chako kipo,” akaongeza, kwa sauti ile ya chini, “Keti mbele, usichoke sana.” Metroni alikuja kitandani na kikombe cha uji wa maziwa, ule wa wagonjwa.

“Mimi nilisema shingo inapiga,” akaniambia. “Sikusema uongo. Ilikuwa inapiga.”

“Ndiyo, Metroni.”

“Kunywa kikiwa moto.”

Wasichana waliuliza maswali mengi, na mimi naona aibu. Nilimweleza Kerubo chini ya blanketi yale ya muuguzi, Kerubo akawaeleza wengine kwa sauti kubwa, akiongeza yake. Ilinibidi nimrekebishe kuhusu siku, kwa kuwa alikuwa anahesabu kutoka damu iliyopita na kuapa kwamba ni siku moja tu kila mwezi. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimesimama kati ya vitanda, mimi niliyekuwa siwezi kujibu darasani, nikisema, “Hapana. Inayofuata. Na hujui itafika lini.”

Siku zangu zilirudi Machi, mvua ndefu zilipoanza, katikati ya somo la jiografia. Zilikuwa kidogo, na maumivu yake niliyakaribisha. Sijui zitakuja tena lini. Bado nameza vidonge, na Juni daktari atanipima shingo tena kuamua kama nitapasuliwa au la. Bado naogopa. Nikisikia moyo ukipiga haraka kidogo, hata kwa kupanda ngazi, naweka vidole shingoni.

Jambo la mwisho ni la juzi.

Chai imechipua sana kwa mvua hizi, na tunachuma kila siku. Mimi na mama tulikuwa peke yetu upande wa chini, mtoto wa tisa amelala mgongoni mwake chini ya karatasi ya nailoni. Mama alichuma bila kunitazama.

“Yule muuguzi,” akasema, “alisema siku ni zipi?”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Siku gani, Mama?”

“Usinifanye nirudie. Zile za kushika.”

Nikaanza kueleza, nikachanganya, nikaanza tena. Maneno ya Kigusii yaligoma, kama nilivyojua. Mwishowe nikamwuliza zake zinakuja kila baada ya muda gani. Akasema wiki nne, kwa kawaida, asipokuwa ananyonyesha sana. Basi nikasimama kwenye mche wa kwanza wa mstari, nikasema, “Huu ni siku damu inapoanza.” Nikatembea, mche kwa mche, siku kwa siku, mpaka mahali ambapo damu nyingine ingeanza. Kisha nikarudi nyuma wiki mbili, nikaweka kikapu changu pale. “Hapa yai linatoka. Linaweza kuwahi au kuchelewa.” Nikarudi nyuma tena miche mitano, nikatundika leso yangu. “Kutoka leso mpaka kikapu, na moja mbili baada yake. Lakini Mama, muuguzi alisema ni kukisia. Huwezi kuitegemea peke yake. Hospitali wana njia nyingine, mtu anaenda anauliza tu.”

Mama aliacha kuchuma. Alikuja akasimama kwenye leso, akatembea taratibu mpaka kwenye kikapu, akarudi. Alikuwa anaigusa miche kwa ncha za vidole, bila kuchuma kitu.

“Nimezaa tisa,” akasema, “na hakuna aliyewahi kunionyesha.”

Mtoto aligeuza kichwa mgongoni mwake. Mama alimsogeza vizuri, akatazama juu ya mteremko, kule nyumbani, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unapita katikati ya migomba.

“Haya,” akasema. “Na baba yako, nani atamwambia?”